Namna ya Kuijenga Kesho Ndani ya Nyumba ya Matope, Mutarule

Kanuni ya kwanza ya maonyesho ya teknolojia na kesho ya binadamu ni kwamba binadamu asionyeshwe. Ukishangaa kwa nini jambo la wazi hivyo linahitaji kuandikwa, kumbuka kwamba Wakongo wamevunjiwa kanuni hiyo zaidi ya mara moja, tena na watu waliokuwa na wasanifu hodari na fedha za serikali. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili aliwasafirisha Wakongo 267 hadi Ubelgiji, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza huko Tervuren ili wenyeji wapite kuwatazama. Saba kati yao walifia huko huko. Mwaka 1958 Brussels ikaandaa Maonyesho ya Dunia kusherehekea zama za atomu, ikasimamisha Atomium, jengo la mita 102 lenye matufe tisa yanayong'aa. Katika maonyesho hayo hayo kukajengwa tena kijiji cha Kikongo chenye uzio, na wageni wakawa wanawatupia waliomo ndizi na karanga. Wakongo wale walichoshwa na matusi wakarudi kwao kabla maonyesho hayajafungwa. Urani iliyozifungua hizo zama za atomu, kwa sehemu kubwa, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga.

Kwa hiyo ukija Mutarule, katika Uwanda wa Ruzizi, kaskazini mwa Uvira, na wazo lako la kuwatumbukiza watu katika kesho, jiulize kwanza nani anatazama na nani anatazamwa. Mama anayetoka shambani na jembe begani ndiye mtazamaji wako. Kesho ndiyo iwekwe kwenye uzio, yeye aizunguke, aitie kidole, aikemee akitaka.

Miwani ya uhalisia pepe iache huko huko ulikoinunua. Humeza umeme na vumbi la kiangazi huiua. Tena humtenga aliyeivaa: mmoja anaona maajabu, arobaini wamekaa kwenye benchi wakimwona anavyopapasa hewa. Huku kitu kizuri hutazamwa na wengi kwa pamoja, kwa kelele, na mmoja akielewa huwaelezea wenzake papo hapo. Jenga kitu kitakachoruhusu hizo kelele.

Ukumbi usiombe. Kodi nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba sita, uandikiane na mwenyewe mbele ya mashahidi, ulipe kodi ya miezi yote mapema. Kuta nene za udongo huweka ubaridi na hukata sauti, kwa hiyo chumba kimoja hakitaingilia kingine. Kikubwa zaidi ni giza. Huko Tokyo na Paris watu hulipa tiketi ili waingizwe kwenye kumbi zilizotiwa giza kwa gharama kubwa, wazungukwe na picha zinazotembea ukutani. Mutarule giza lipo tayari. Ziba madirisha kwa turubai jeusi, ziba na nyufa za mlangoni kwa matambara, umemaliza kazi ambayo wenzako wanaiitia mafundi.

Chumba cha kwanza hakihitaji hata waya mmoja. Toboa tundu kwenye turubai la dirisha, upana wa sentimita moja hivi, ukingo wake uwe safi kama uliokatwa kwa wembe. Tundika shuka jeupe mkabala nalo. Waingize watu kumi, funga mlango, waambie wasubiri. Dakika za kwanza hawataona kitu, na kuna atakayesema ameibiwa muda wake. Macho yakishazoea, shuka linaanza kujaa: mbingu iko chini, njia iko juu, baiskeli iliyobeba mkaa inapita miguu juu, ng'ombe wanafuata na wote wana rangi zao. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Unaotoka juu ya mti hupita tunduni ukatua chini ya shuka, na unaotoka kwenye shina hutua juu. Kamera za simu zote duniani zinaanzia hapo.

Kazi hii ina siri zake ndogo. Tundu likiwa kubwa picha inang'aa lakini inafifia kingo, na likiwa dogo inakaza lakini inakuwa hafifu. Ukipata kioo cha miwani ya kusomea ya namba +1, kibandike tunduni na shuka ulisogeze liwe mita moja kutoka hapo, picha itakaza kabisa. Namba +0.5 inataka mita mbili. Tena toboa matundu mawili, usiyafungue kwa wakati mmoja. Asubuhi jua linatoka Burundi na kuipiga milima ya upande wa Itombwe usoni, basi fungua tundu linalotazama magharibi, milima iingie ndani. Alasiri jua limehamia, funga hilo, fungua la mashariki, upande wa mto Ruzizi na vilima vya Burundi. Mtoto akiuliza kwa nini milima imeingia chumbani, mpe nafasi atoke nje, akimbie mbele ya tundu akipunga mikono, wenzake walio ndani wapige kelele kumwona amegeuka kichwa chini. Kisha wabadilishane. Dakika kumi za mchezo huo zinamfundisha kwamba kifaa ni kitu kinachoeleweka, na kwamba hata yeye anaweza kukitengeneza kwa turubai na wembe. Ningekuwa na fedha za chumba kimoja tu, ningejenga hiki.

Vyumba vingine vinataka umeme, na umeme una hesabu yake. Paneli ya wati 100, kwa siku yenye jua zuri, itakupa kama wati-saa 400. Betri ya asidi ya volti 12 na amp-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Projekta ndogo ya wati 60 kwa saa mbili ni 120. Spika ya wati 20 kwa saa tano ni 100. Taa tano za wati 5 kwa saa nne ni 100 nyingine. Jumla 320, na bado umebaki na akiba ya siku ya mawingu. Tafuta projekta na spika zinazotumia volti 12 moja kwa moja, usilazimike kununua mashine ya kugeuza umeme, maana nayo hula sehemu yake. Hesabu hii ibandike kwenye ukuta wa chumba cha pili kwa maandishi makubwa. Ni sehemu ya maonyesho.

Pembeni yake weka mchoro wa mto. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, ikashuka hadi Tanganyika, mita 770 hivi. Huko juu, karibu na Bukavu, bwawa la Ruzizi I limezalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, zama zile zile za kijiji cha Brussels, na Ruzizi II tangu 1989, ukigawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. La tatu limekuwa kwenye mipango kwa miaka mingi. Maji yanayopita uwandani yamekwisha kuzungusha mitambo ndipo yakatufikia. Chora nyaya zinazotoka kwenye mabwawa hayo, umwachie mtazamaji kalamu aweke alama mahali nyumba yake ilipo na aandike anawasha nini usiku. Usijaze wewe.

Kivutio kiwe kuchajiwa simu bure. Hakuna tangazo litakaloleta watu kuliko hilo. Weka meza mlangoni kama ya wachajishaji wa sokoni: ubao mrefu wenye soketi, nyaya za kila aina, kila simu imebandikwa kipande cha karatasi chenye namba mgongoni na mwenyewe anashika namba ya pili. Simu ya kawaida ikiwa tupu hunywa wati-saa tano hadi kumi na tano, kwa hiyo kwa meza hii ongeza paneli ya pili na betri ya pili. Hapa usifanye ubahili, kwa kuwa simu ndiyo mlango wa kuingilia chumba cha tatu.

Kwenye chumba hicho, juu ya meza pana, fungua simu zilizokufa. Zipange zikiwa zimetenganishwa, kila kipande kwenye karatasi nyeupe chini ya kioo cha kukuzia. Hii hapa kondensa ndogo kuliko punje ya mchele: ndani yake mna tantalo, inayotokana na koltani, na Rubaya kule Masisi ni moja ya machimbo makubwa ya koltani duniani. Lehemu ya kuunganishia vipande imetengenezwa kwa bati, na bati hutoka kwenye kasiterite ya Walikale na kwingineko Kivu. Mng'ao wa njano kwenye miguu ya vipande ni dhahabu, kama ile ya Kamituga na Misisi. Betri ina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, Kolwezi na jirani zake. Nyaya ni shaba, na shaba Katanga inayo. Kisha mwombe mtazamaji ashike simu nzima mkononi, mpigie. Kile kinachomtetemesha kiganja ni kipande kizito cha volframu kinachozungushwa au kusukumwa ndani ya kasha, na volframu nayo huchimbwa Kivu.

Usiongeze maneno ya kuhuzunisha. Weka mizani ya dukani na kokoto chache za madini halisi, uliyoyapata kwa njia halali na karatasi zake ziwepo mezani, watu wayapime. Weka ramani ya Kongo na nyuzi nyekundu kutoka kila kipande hadi kinakochimbwa. Halafu uliza swali moja tu, liandikwe ukutani kwa Kiswahili na lisomwe kwa sauti kwa Kifuliiru, Kirundi na Kinyamulenge: kati ya vipande hivi, kipi tungeweza kukitengeneza hapa? Fundi simu wa Luberizi au wa Sange umlipe akae hapo siku nzima. Atajibu maswali vizuri kuliko bango lolote, na vijana watajua kwamba mwenye ujuzi huo ni mtu wanayekutana naye njiani.

Chumba cha nne usikijenge mpaka uruhusiwe. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 Mutarule ilishambuliwa, watu wakiwa kwenye ibada. Waliouawa hawakupungua 30, watoto wakiwamo. Wanajeshi wa serikali na walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa kilomita chache tu kutoka hapo, habari za shambulio ziliwafikia likiwa linaendelea, na hawakuingilia kati. Nenda kwa familia, kwa wachungaji na kwa wazee wa jamii zote za uwandani, wakulima na wafugaji, ukawaulize kama wanataka jambo hilo liwepo kwenye maonyesho ya teknolojia. Wakisema hapana, chumba hicho kiwe cha benchi na maji ya kunywa, basi. Wakisema ndiyo, majina ni yao, picha ni zao, na neno la mwisho ni lao.

Wakikubali, usiigize. Usilete milio ya risasi wala taa nyekundu, wala projekta usiiwashe. Weka meza, daftari na simu moja ya tochi inayolia. Anayeipokea anasikia sauti iliyorekodiwa na mtu wa Mutarule, kwa lugha yake, ikiuliza: leo usiku tukishambuliwa, tumpigie nani, yuko umbali gani, na atachukua muda gani kufika? Majibu yaandikwe daftarini, kila mmoja kwa mkono wake, na asiyeandika aandikiwe. Mwisho wa kila wiki nakala ipelekwe kwa kila ofisi na kambi iliyotajwa humo, ikapokelewe kwa sahihi. Watu wanaozungumzia kesho ya binadamu hupenda kusema mawasiliano yakiwa ya papo kwa papo usalama utafuata. Hapa ujumbe ulifika na msaada haukufika. Kama maonyesho yako hayana mahali pa kuliweka jambo hilo, basi kesho unayoionyesha si ya watu wa Mutarule.

Kuhusu usalama wa nyumba yenyewe, uwandani hakuna anayehitaji kuelezwa mara mbili. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, lori la mafuta lilipinduka. Watu wengine walikuwa wamejaa kwenye nyumba za video wakitazama Kombe la Dunia, wengine wakaenda kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika. Lori likalipuka, na zaidi ya watu 230 wakafa, wengi wakiwa ndani ya hizo nyumba za video. Kwa hiyo kila chumba kiwe na milango miwili inayofunguka kwa nje. Jenereta isikaribie, dumu la petroli lisiingie kiwanjani, na watu wahesabiwe wanapoingia: kumi na tano kwa chumba. Atakayekuja na ndugu ishirini ataelewa ukimweleza, na kama haelewi, mtajie Sange.

Chumba cha tano ni cha maji; kiwe kifupi na kiwaloweshe watu. Pipa liwe juu, bomba liwe chini, na kati yake pampu ya kukanyaga kwa miguu. Mmoja anakanyaga, mwingine anakinga bidoni ya lita 20. Anayekanyaga akichoka bomba linakauka. Ukutani andika matokeo ya utafiti uliofanyika Uvira na kuchapishwa mwaka 2015: maji ya bomba yakikatika siku nzima, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu huongezeka zaidi ya maradufu katika siku 12 zinazofuata. Ongeza na mwaka 2020, mwezi Aprili, mto Mulongwe ulipofurika Uvira, ukaua makumi ya watu na kuharibu maelfu ya nyumba pamoja na mitambo ya maji ya mji. Mtu aliyekanyaga pampu dakika tano ataelewa mara moja uhusiano wa umeme, bomba na tumbo la mtoto.

Sasa waite watoto, na hapa umtaje msanii Bodys Isek Kingelez. Alizaliwa 1948 kijijini Kimbembele-Ihunga, akafanya kazi ya kukarabati vitu kwenye makumbusho ya taifa Kinshasa, akaanza kujenga miji ya kesho kwa katoni, karatasi za rangi na makopo. Mwaka 1994 alikichukua kijiji chake mwenyewe akakijenga upya kama jiji kubwa lenye minara. Mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York lilimwandalia maonyesho makubwa, na huko wageni walivaa miwani ya uhalisia pepe ili watembee ndani ya mji wake wa katoni. Zana za kisasa zilikuja kumtumikia mtu aliyekwisha kuiona kesho kwa mkasi na gundi.

Chumba kikubwa kuliko vyote kiwe chao. Wape katoni za sabuni, visoda, waya, na meza yenye urefu wa mita nne iliyochorwa Ruzizi upande mmoja na milima upande wa pili. Waambie waijenge Mutarule ya mwaka 2070. Watoto wa huku tangu zamani hutengeneza magari ya waya yenye usukani unaogeuza matairi, hawahitaji semina. Usiwaelekeze wajenge shule na hospitali ili kumpendeza mfadhili. Akijenga uwanja wa ndege, uwe uwanja wa ndege. Akijenga zizi lenye ghorofa tatu, mwulize ng'ombe wanapandaje, na usikie jibu lote. Kila jengo liandikwe jina la aliyelijenga, kwa herufi kubwa kama zile ambazo katika majumba ya Ulaya huandikiwa msanii mkubwa.

Kuhusu roboti na akili mnemba, sitachukua nafasi kubwa. Onyesha picha za roboti za kuongoza magari zilizosimamishwa Kinshasa mwaka 2013, zinazotumia jua, kazi iliyoongozwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, ili msichana wa Mutarule ajue kwamba aliyeisimamisha mashine hiyo barabarani ni mwanamke wa nchi yake. Kisha weka simu moja yenye msaidizi wa sauti, kila mtu aiulize jambo kwa lugha ya nyumbani kwake na aone anajibiwaje. Pembeni eleza kwamba huko Nairobi kuna vijana waliolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma na kuchuja maneno ya kutisha ili mashine za namna hii zizungumze kwa adabu. Kama ilivyo kwa koltani, mikono iliyoijenga mashine iko karibu kuliko inavyosemwa.

Fungua siku za soko na Jumapili mchana baada ya ibada. Wazee waingie kwanza, asubuhi, watembezwe na wajukuu zao. Ni vizuri mzee asikie "Papa, tazama hapa" kutoka kwa mtoto wa nyumbani, kuliko kuelezwa kesho na mgeni mwenye kipaza sauti. Waongozaji wote walipwe, na wachaguliwe kutoka kila jamii. Maonyesho yakisimamiwa na jamii moja, hata yakiwa mazuri vipi, nyingine hazitakanyaga, na zitakuwa na sababu.

Kila kitu ulichokijenga kiwe na uzito ambao mtu mmoja anaweza kuubeba au kuufunga kwenye baiskeli. Desemba 2025 vita vilifika Uvira, mji ukaingiwa, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi na walichoweza kubeba. Paneli zifungwe kwa skrubu mbili tu. Shuka likunjwe. Madaftari ya chumba cha nne yawe na nakala za picha kwenye simu tatu za watu watatu wanaoaminika, wanaoishi mahali tofauti. Fanya zoezi la kuvunja kila kitu kwa saa moja kabla hujafungua milango, na umpe mtu mmoja jukumu la kushika saa.

Maonyesho yakiisha, usiondoke na kitu. Paneli na betri zikabidhiwe wodi ya uzazi ya kituo cha afya kilicho karibu, na orodha isomwe hadharani. Pampu ipelekwe kisimani. Miji ya katoni irudi kwa walioijenga. Kwenye ile orodha ongeza mstari unaosema nani atapima maji ya betri kila mwezi, atayanunua kwa fedha ya nani, na fundi gani ataitwa taa zikizimika. Mpimaji asaini hapo hapo, na fedha za mwaka wa kwanza mpe siku hiyo.